Taa ya Mfuko wa Hewa Imegoma Kuzimika

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hiace ya dizeli ya mwaka 2008, naiendesha mwenyewe. Nabeba samaki kutoka soko la Deep Sea hapa Tanga, nawapeleka Muheza na Korogwe. Mwezi wa tatu, alfajiri, niligonga mbuzi karibu na Hale. Bampa lilipasuka, grili ikavunjika, taa kubwa ya kushoto ikabaki inaning'inia. Mifuko ya hewa haikufunguka. Fundi bodi alinyoosha, akapiga rangi, nikarudi barabarani. Baada ya wiki kama tatu, ile taa yenye picha ya mtu aliyefunga mkanda na duara mbele yake ikaanza kuwaka kwenye barabara mbovu na kuzimika kwenye lami. Sasa haizimiki kabisa. Fundi wa kwanza anataka kutoa globu yake, anasema ni kazi ya nusu saa. Wa pili anasema ninunue boksi la mtumba la kuendeshea mifuko hiyo. Wa tatu anasema ni sensa (kihisi) ya mbele, nilete yoyote ya Hiace. Nimsikilize nani? Na je, sensa naweza kubadilisha mwenyewe? Siku za soko mke wangu hukaa kiti cha mbele kushoto na mtoto mapajani, ndiyo maana roho haijatulia. (Dereva wa samaki, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mtoto, sensa itasubiri.

Mtoto asikae mapajani kwenye kiti cha mbele, taa iwe inawaka au imezimika. Mfuko wa hewa haujazwi polepole kama puto la harusi. Ndani yake kuna baruti inayowashwa kwa umeme, na mfuko hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Umepangwa kumpokea mtu mzima aliyefunga mkanda, ameegemea kiti. Mtoto wa mapajani anakuwa katikati ya mfuko na kifua cha mama yake. Na mfuko usipofunguka, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia gari likisimama ghafla, hata mama awe na nguvu za kupakua makreti ya samaki. Tazama dashibodi upande wa kushoto. Ukiona maandishi SRS AIRBAG yamechapwa kwenye plastiki, na kiti hicho kina mfuko wake. Kama nyuma umeng'oa viti ili upakie samaki, mtoto abaki nyumbani na bibi yake. Najua siku ya soko haina mtu wa kumwachia. Hata hivyo nakuomba.

Sasa gari.

Mfuko kutofunguka kwa mbuzi si ubovu. Boksi la mfuko wa hewa, lile lililofungwa katikati chini ya dashibodi, haliulizi bampa limepasuka kiasi gani. Linauliza gari limepunguza mwendo kwa ghafla kiasi gani. Hiace yenye shehena ya samaki ikimgonga mbuzi haipunguzi mwendo kwa kiasi hicho. Boksi lina kihisi chake ndani, na linasaidiwa na sensa ndogo za mbele, kulia na kushoto, nyuma ya bampa. Kila ukiwasha swichi linajikagua lenyewe na kuwaita wote lililonao: sensa, mifuko, na kwenye magari mengine mikanda inayojivuta. Kwenye Toyota taa huwaka kama sekunde 6, kisha huzimika. Kuzimika maana yake wote wameitika. Asipoitika mmoja, taa inabaki na boksi linaandika namba ya kosa kwenye kumbukumbu yake.

Kwa hiyo mafundi wako watatu wametoa majibu matatu kabla ya kusoma namba hiyo. Wa tatu huenda akawa amepatia, kwa sababu umegonga kushoto mbele na taa ilianza kwa kucheza kwenye mashimo. Hata mimi ukinishika shati nitasema sensa ya mbele kushoto au waya wake. Lakini kukisia si kupima, na kwa kukisia nimeshaona watu wakinunua boksi, kisha sensa, kisha usukani mzima, na mwishowe kosa likawa pini moja ya konekta, pale waya zinapochomekwa.

Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa mifuko ya hewa. Sisitiza hilo. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka na kusoma kwa simu vingi vinasoma injini tu. Kikikuambia hakuna kosa huku taa inawaka mbele yako, basi hakijafika kwenye boksi hilo. Kwenye Toyota nyingi, namba B1610 ni sensa ya mbele kulia na B1615 ni ya mbele kushoto. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa kwenye gari, si aliyesimama mbele yake akitazama grili. Kosa hilo la macho limewafanya watu wafungue bure upande usio na ubovu. Ikija B1000, ndipo tuzungumze habari za boksi lenyewe. Zikija namba za mfuko wa dereva, na honi nayo inalia inapotaka, mtazame kwanza yule anayekaa chini ya usukani: utepe mwembamba wa waya unaojiviringisha kila unapokata kona. Mafundi wanauita spairo. Huchoka na kukatika, na lawama zikaenda kwa sensa.

Namba ikisomwa, iandike kwenye karatasi kabla mtu hajaifuta. Nakuomba uandike wewe mwenyewe. Fundi akifuta kwanza, taa itazimika kwa siku mbili, utamlipa ukiwa na furaha, na itarudi ukiwa Korogwe.

Tuchukue kwamba imekuja B1615. Hata hapo bado haijasema sensa imekufa. Imesema boksi halimsikii wa mbele kushoto. Huenda sensa imekufa, huenda waya umekatika, huenda konekta haishiki. Kwa watu wa pwani mimi huanza na konekta.

Mwaka jana nililetewa Hiace ya Bagamoyo yenye ugonjwa kama wako. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa mpya, iko kwenye kifungashio chake, anataka ifungwe tu. Tulipotoa bampa, konekta ya njano ilikuwa imekaa lakini haikulia ule mlio wake wa kujifunga, kwa sababu ulimi wa plastiki wa kuifungia ulikuwa umevunjika. Aliyewahi kuifungua aliishika kwa koleo. Nilipoivuta ikatoka bila ubishi. Ndani kulikuwa na pini mbili, moja inang'aa, ya pili imevaa unga wa kijani kama ule wa sarafu iliyookotwa ufukweni. Nilipogusa kwa kijiti cha mbao unga ukadondoka, na chini yake pini ilikuwa imeliwa hadi imebaki kama sindano. Kila gari lilipoingia shimoni pini ilicheza, na boksi likaandika kosa. Sensa ya zamani ilikuwa nzima. Tuliweka konekta mpya na pini zake, ile sensa mpya akairudisha dukani.

Gari lako limevunjwa mbele, limefunguliwa na fundi bodi, linalala karibu na bahari, na wewe mwenyewe naamini unalisafisha kwa bomba la maji ya nguvu kuondoa harufu ya samaki. Unaona ninachofikiri.

Sasa swali lako la kubadilisha mwenyewe. Sitakudanganya kwamba ni kazi ngumu kwa mikono. Ni bolti na konekta moja. Ugumu uko kwenye kile ambacho mtu akikisahau hana nafasi ya pili, na hapo nina kisa nisichopenda kukisimulia.

Nilikuwa na miaka 3 kwenye ufundi, bado nabeba sanduku la spana za wengine. Kijana mwenzangu, mwepesi na hodari kuliko mimi, alikuwa anatafuta kwa nini honi hailii. Betri ilikuwa imeunganishwa. Alikuwa ameinamia usukani, ana taa ya kupimia, ile yenye ncha kama sindano na globu kwenye mpini. Akachoma waya wa njano. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Sikuona mfuko ukifunguka, nilisikia mlio kama bati la paa lililoangushiwa jiwe, kisha ndani ya gari pakajaa vumbi jeupe na harufu ya fataki. Alitoka anashika mkono. Kifundo kilikuwa kimevunjika, sikio la kulia halikusikia vizuri kwa majuma mengi, na saa yake tuliikuta kiti cha nyuma, kioo hakipo. Yeye ni mzima leo, ana watoto. Lakini tangu siku ile, nikiona waya wa njano mikono yangu inaenda kwanza kwenye betri.

Waya na konekta za njano ndiyo rangi ya mfumo huu. Usizichome sindano. Usipime omu (ukinzani wa umeme) za mfuko wenyewe kwa mita ya kawaida, kwa sababu umeme mdogo wa mita nao ni umeme, na kiwashio cha mfuko hakihitaji mwingi. Taa ya kupimia ndiyo mbaya zaidi. Waya wa sensa unaweza kupimwa kama umekatika, lakini baada ya kuchomoa ncha zote mbili, ya sensa na ya boksi, na hilo mwachie fundi anayejua pini ipi ni ipi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Zima swichi, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako, si kwenye dashibodi. Fungua waya hasi wa betri na uufunge kitambaa usirudi wenyewe kugusa. Kama gari lina betri mbili, fungua hasi ya zote. Kisha ngoja. Boksi lina akiba yake ya umeme ndani, imewekwa kwa makusudi ili betri ikivunjika kwenye ajali mfuko uweze kufunguka bado. Toyota wanasema ngoja angalau sekunde 90. Mimi nangoja dakika 10, na kwenye gereji yangu hakuna anayeruhusiwa kunishawishi vinginevyo. Vijana wanaweka chai jikoni. Chai ikichemka, tunaanza.

Kabla ya kushika konekta, gusa chuma cha bodi kwa kiganja kitupu ili umeme wa nguo na mwili ushuke. Toa bampa na grili. Utaiona sensa, ndogo kuliko kiberiti kikubwa, imefungwa kwenye chuma. Itazame mahali ilipo kabla ya kuifungua, au ipige picha kwa simu. Juu yake mara nyingi kuna mshale unaoelekea mbele ya gari. Mshale huo si pambo. Sensa inapima gari linavyosukumwa nyuma, ikifungwa imegeuka haitaelewa ajali inatoka wapi.

Na hapa ndipo namtilia shaka kidogo aliyenyoosha gari lako. Chuma inapokaa sensa kikipinda hata kidogo, sensa inatazama pembeni au chini. Fundi bodi mwenye nyundo hunyoosha kwa jicho, na kwa bampa jicho linatosha. Kwa kibao cha sensa halitoshi. Kikiwa kimepinda au kimechomelewa, badilisha kibao. Na kama alipiga nyundo au kuchomelea karibu na sensa betri ikiwa imeunganishwa, hilo peke yake lingeweza kuiua. Siku nyingine muombe atoe betri kabla ya kuanza. Akikataa, toa mwenyewe.

Sensa mpya inunuliwe kwa namba ya chasisi, si kwa jina la "yoyote ya Hiace". Hiace za mwaka mmoja zinaweza kuwa na sensa tofauti. Za mtumba usinunue. Najua Gerezani na Ilala, hapa Dar, zimejaa, najua zinakuja kwa makontena kutoka Japani na Sharjah, na milango au taa za huko mimi mwenyewe nafunga. Sensa hapana. Imetoka kwenye gari lililofumuliwa, na huwezi kujua kama gari hilo liligongwa au kama sensa ilianguka sakafuni wakati wa kung'olewa. Hata mpya ikikuponyoka ikapiga sementi, usiifunge. Inauma, fedha imetoka. Usiifunge.

Funga bolti kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Isilegee, kwa sababu sensa inayotikisika inapima mtikisiko wake yenyewe. Sukuma konekta mpaka usikie mlio. Rudisha grili na bampa kabla ya betri, na hakikisha hakuna waya uliobanwa. Unapounganisha betri, mtu asikae kwenye gari. Washa swichi ukiwa umesimama nje, mkono umepitia dirishani pembeni, kichwa na kifua viko mbali na usukani. Hesabu. Taa iwake, ifike sekunde 6, izimike. Kosa la zamani lifutwe kwa mashine, kisha endesha kwenye barabara mbovu ileile iliyokuwa inaiwasha. Taa ikibaki kimya hapo, umepona.

Mpaka siku hiyo, unaweza kuendesha, lakini hesabu kwamba mifuko haipo. Boksi lenye kosa huweza kukataa kufungua kabisa. Mkanda ndio uliobaki, na mkanda ndio ulikuwa wa kwanza tangu awali, mfuko ni msaidizi wake. Kaa kifua chako kiwe mbali na katikati ya usukani angalau sentimita 25. Madereva wa Hiace wanapenda kuukumbatia.

Kuhusu fundi wa globu: usimpe gari. Wapo pia wanaounganisha waya wa taa hiyo na taa ya chaji, ili iwake na kuzimika pamoja nayo na mtu aone kila kitu ni salama. Wapo wanaochomeka rezista, kikinzani kidogo cha umeme, mahali pa mfuko uliokwisha kufunguka, boksi likadhani mfuko upo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio kitakuwa cha mtu aliyenunua gari lako bila kujua, au cha mke wako. Ukienda kununua gari la mtumba, washa swichi uitazame taa hiyo. Isipowaka kabisa zile sekunde za mwanzo, simama hapohapo uulize.

Na wakikushawishi uweke ngao ya bomba mbele baada ya mbuzi, usiweke. Inabadilisha namna gari linavyopokea pigo, na sensa zako zilipangwa kwa gari lisilo nayo.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Gari langu limetoka Japani, taa ya mfuko wa hewa huwaka na kuzimika vizuri kabisa kama ulivyowahi kueleza. Lakini shemeji ananitisha na habari za mifuko inayorusha vyuma. Taa si ingeniambia? (Mama wa Likoni, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Shemeji anasema kweli, na taa isingekuambia.

Anazungumzia mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani. Baruti yake ilikuwa ya amonia naitreti, na joto pamoja na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu. Ikiharibika huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo lake la chuma hupasuka, na vipande huja na mfuko. Watu wameuawa hivyo kwenye ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Marekani peke yake waliitisha mifuko takriban milioni 67, ya magari ya kampuni nyingi, irudishwe kubadilishwa, na Takata yenyewe ikafilisika Juni 2017. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya Likoni, na ya Tanga, na ya hapa kwetu Dar.

Boksi linapojikagua linaangalia kama umeme unapita hadi kwenye mfuko na kurudi. Hali ya baruti halina namna ya kuijua. Kwa hiyo chukua kadi ya gari, nakili namba ya chasisi herufi kwa herufi pamoja na kistari chake, na uipeleke kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, au uiingize kwenye ukurasa wa kampuni hiyo wa Japani wa kutafutia magari yaliyoitwa kurekebishwa. Kuna Kijapani kingi, kijana yeyote mwenye simu atakutafsiria. Likionekana limeitwa na halijarekebishwa, muulize wakala mfuko mpya unapatikanaje, na mpaka ubadilishwe asikae mtu kwenye kiti kinachohusika. Kikiwa ni cha dereva, gari lilale. Usimruhusu fundi yeyote wa mtaani aung'oe kwenda kuutazama.